Kabureta Haina Hatia

Msomaji, peleka motokaa kuukuu ya Kiingereza, yenye kikohozi, katika gereji za mji wako, nawe mara nyingi utaona jambo moja likitendeka hata kabla salamu hazijaisha. Boneti itafunguliwa, mtu atainama, na bisibisi itaelekea kwenye kabureta. Hutaulizwa kikohozi kilianza lini, wala kama huja injini ikiwa baridi au ikiwa moto, wala kama nafasi za valvu zilipimwa mwaka huu au enzi za babu. Kabureta hukamatwa jinsi mgeni akamatwavyo katika kijiji kilichoibiwa kuku: kwa sababu yu karibu, na kwa sababu hana ndugu wa kumsemea. Mimi nimeazimia kuisemea. Nasema kwamba katika injini za namna hii kabureta ndiyo ya mwisho kuguswa, na kwamba fundi aanzaye nayo hauponyi ugonjwa bali huuficha, mpaka uue.

Neno hilo la kuua nalitumia nikijua uzito wake. Injini nyingi nzuri zimetupwa kwenye vyuma chakavu si kwa uzee, bali kwa matibabu.

Ili tusishindane hewani, nachukua motokaa moja iwe mfano, nayo ni Morris Minor, ile fupi yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Ilibuniwa na Alec Issigonis, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948, ikaendelea kuundwa hadi mwaka 1971, na jumla yake ikapita milioni 1.6. Za kwanza zilikuwa na injini ya zamani, yenye valvu zilizosimama ubavuni. Tangu mwaka 1952 ilipewa injini iliyotoka kwa Austin, iitwayo A-Series, ya sentimita za ujazo 803. Mwaka 1956 ikawa 948, na mwaka 1962 ikawa 1,098. Injini hiyo haikuzikwa pamoja na Morris Minor. Iliendelea kutumika katika Mini mpaka mwaka 2000, na ndiyo sababu vipuri vyake vingali vinaundwa Uingereza hata leo. Basi anayekuambia kwamba haiwezi kutengenezwa kwa kuwa vipuri havipatikani, ama hajatafuta, ama ana injini nyingine ya kukuuzia.

Injini ya petroli hudai mambo matatu. Hudai mbano, yaani hewa na petroli vikiisha kuingia katika silinda vibanwe pasipo kuvuja. Hudai cheche, tena si cheche tu, bali cheche kwa wakati wake. Hudai mchanganyiko wa kadiri, ambao kwa uzani ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Hilo la tatu peke yake ndilo kazi ya kabureta. Sasa tazama jinsi mambo haya yalivyofungamana. Silinda inayovuja haivuti hewa sawa na wenzake. Kwa hiyo ukiitengenezea mchanganyiko leo, unaupima kwa kitu ambacho kesho kitakuwa kingine. Cheche ikichelewa, mchanganyiko ulio sawa kabisa utaonekana mbovu. Lakini geuza kabureta upendavyo asubuhi yote: nafasi ya valvu haitabadilika hata kwa unene wa unywele, wala pointi hazitasogea. Kosa la mwanzo huharibu kipimo cha mwisho, na kosa la mwisho haliharibu kipimo cha mwanzo. Kwa hiyo utaratibu ni mbano, kisha cheche, kisha kabureta. Hii si desturi ya Waingereza wala si amri ya kitabu. Hata kama kitabu kingeteketea, mtu mwenye akili timamu angeufikia utaratibu huo huo kwa kufikiri tu.

Katika mji ninakofundisha yupo mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu mkuu, mwenye Morris Minor ya injini ya 1,098. Motokaa ile ilianza kuishiwa nguvu mlimani. Akaipeleka kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja. Kabureta ikaongezwa petroli. Kwa juma moja ikaenda vizuri, kisha ikarudi kule kule. Ikaongezwa tena. Sasa ikawa inanuka petroli, na moshi wake mweusi, na plagi zikawa nyeusi kama chungu cha kuni. Mara ya tatu fundi hakugusa kitu. Alimwambia, "Mzee, injini hii imekwisha. Toa, weka ya Kijapani." Bei aliyotajiwa ilipita kiinua mgongo cha watu wengi.

Mzee alikuja kwangu kwa kuwa nafundisha fizikia, jambo ambalo kwake lilikuwa ni sawa na ufundi. Sikubishana naye. Niliwaita wanafunzi wanne, tukaazima geji ya kupimia mbano, tukatoa plagi zote, na kupima silinda moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilitoa ratili 150 kwa inchi mraba, ya pili 145, ya tatu 95, ya nne 150. Mwanafunzi mmoja akaandika tarakimu hizo kwa chokaa juu ya sakafu, na sisi sote tukakaa kimya, maana zilikuwa zimekwisha kusema. Injini iliyokwisha haichagui silinda moja. Ikizeeka, huzeeka yote.

Hapo ndipo kipimo kinapozaa kipimo kingine. Ukimimina kijiko cha mafuta ya injini katika silinda dhaifu na kupima tena, na mbano ukapanda, kasoro ni ya ringi za pistoni, kwa kuwa mafuta yameziba pengo lake. Mbano usipopanda, kasoro iko juu, kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, shuku gasketi iliyo kati yake. Kwetu mbano haukupanda. Tukafungua kifuniko cha valvu.

Injini hii ina valvu nane, zikihesabiwa kutoka upande wa radieta. Kila moja yapasa kuwa na nafasi ndogo kati ya shina lake na mkono unaoisukuma, elfu 12 za inchi injini ikiwa baridi, yaani karibu milimita 0.3. Nafasi hiyo hupimwa kwa kipimo cha vibati vyembamba, ambacho bei yake mwanafunzi aweza kuimudu. Nayo hesabu ya kujua valvu ipi ipimwe lini ni tamu, wala mtoto wa shule haisahau akiisikia mara moja: namba ya valvu iliyofunguka kabisa pamoja na namba ya ile unayoipima lazima zifanye tisa. Ya nane ikiwa imefunguka, pima ya kwanza. Ya sita ikifunguka, pima ya tatu. Izungushe injini kwa hendeli ya mbele, plagi zikiwa zimetolewa, nayo itageuka kwa mkono mmoja.

Tulipofikia valvu ya tano, iliyo ya kutolea moshi katika silinda ya tatu, hata kibati chembamba kuliko vyote kilikataa kuingia. Nafasi haikuwapo. Valvu ilikuwa haifungi. Na valvu isiyofunga, msomaji wangu, haivujishi mbano tu: hujichoma. Maana valvu ya moshi hukaa ndani ya moto, na njia yake kubwa ya kupoa ni kuigusa siti yake kila inapofunga, ili joto lipite kwenye chuma cha hedi na kuchukuliwa na maji. Ukiinyima mguso huo, umeinyima pumzi. Tena katika injini hii silinda ya pili na ya tatu hutolea moshi mlango mmoja, na hapo katikati ndipo penye joto kuu. Siti ya valvu ile ilikuwa imeanza kuungua ukingoni. Hedi ikatolewa, ikapelekwa kwa mchonga vyuma, ikatiwa siti mpya ya chuma kigumu, na kazi yote haikufika robo ya bei ya ile injini ya Kijapani. Kabureta iliyopewa adhabu mara mbili haikuwa na kosa lolote, ila lile ililotiwa na bisibisi.

Nataka kukaa kidogo hapa kwenye valvu, maana hapa ndipo uongo mwingi unapofugwa. Wenye motokaa hupenda injini iliyo kimya, na mafundi hupenda kuwapendeza. Valvu yenye nafasi kubwa hugonga, tak, tak, tak, kama mwanamke atwangaye mbali. Mwenye motokaa huona haya, akaomba sauti iondolewe. Fundi huibana nafasi mpaka sauti ife. Lakini valvu igongayo inafunga! Itakupotezea nguvu kidogo na kukukera masikio, basi. Iliyobanwa haisemi neno mpaka siku inapoungua. Mimi nikipewa kuchagua kati ya injini mbili zisizopimwa, moja ya kelele na moja ya kimya, nitaichukua ya kelele.

Tena kuna jambo la petroli, ambalo watu hulisema nusu nusu. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, nayo risasi ile, pamoja na kazi nyingine, iliacha utando mwembamba juu ya siti za valvu za moshi na kuzilinda zisilike. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo kwa watu wote mwishoni mwa mwaka 1999, Kenya mwishoni mwa mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, mwaka 2021. Asiwepo wa kuililia: risasi iliyotoka kwenye mabomba ya moshi iliingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao, na hakuna motokaa, hata iwe nzuri namna gani, inayostahili bei hiyo. Walakini siti laini za injini za zamani zilibaki bila kinga. Siti ikilika, valvu huzama ndani ya hedi, shina lake hupanda, na nafasi hupungua yenyewe, polepole, bila kelele. Ndiyo kusema kwamba petroli ya leo inamtaka mwenye motokaa ya zamani azipime valvu mara nyingi zaidi kuliko baba yake, hali mafundi wa leo huzipima mara chache zaidi. Wanalaumu petroli kwa kosa lao wenyewe. Dawa iko: siti za chuma kigumu, hutiwa mara moja, na mpaka zitiwe, kibati cha elfu 12.

Nije kwenye cheche. Ndani ya distributa mna pointi, vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili hutoa cheche moja. Fanya hesabu: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutaka cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kila sekunde. Pointi hufunguka mara 100 kabla hujamaliza kutamka jina lako. Hakuna kitu kifanyacho kazi hivyo pasipo kulika. Kisigino cha pointi, kinachosuguana na mhimili, huisha kidogo kidogo, na nafasi iliyokuwa elfu 15 za inchi huwa 10, kisha 6. Nafasi ikipungua, pointi huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa pamoja nazo. Moto ulioanza kwa kuchelewa ungali unawaka valvu ya moshi inapofunguka, hivyo nguvu yako huenda kupasha joto bomba la moshi badala ya kuisukuma pistoni.

Dereva huona nini? Huona motokaa nzito. Hukanyaga mafuta zaidi. Fundi husikia habari hiyo na kusema, "Haipati petroli ya kutosha." Akaiongeza. Na hapa, msomaji, ndipo penye hila inayowadanganya hata watu wema: injini hutulia kweli. Mchanganyiko uliozidi petroli kidogo huwaka kwa wepesi zaidi, ukafunika udhaifu wa cheche kwa siku kadhaa. Fundi hulipwa, mwenye motokaa hushukuru, na wote wawili huamini kwamba ugonjwa ulikuwa ni kabureta. Kumbe petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha mafuta ya kulainisha, na ringi zinasuguana na chuma kikavu. Baada ya miezi mbano wa silinda zote unashuka, na sasa ule uongo, "injini imekwisha," umekuwa kweli. Waliousema ndio walioutimiza.

Na hata katika cheche yenyewe kuna utaratibu. Tega nafasi ya pointi kwanza, ndipo utege wakati wa cheche. Ukipindua, umefanya kazi bure, kwa kuwa kubadilisha nafasi hubadilisha wakati. Wakati wenyewe waweza kuutega kwa balbu ya volti 12 na nyaya mbili: balbu ikiungwa kati ya distributa na mwili wa motokaa, huwaka mara tu pointi zinapoachana, nawe unaona alama ya puli imesimama wapi. Plagi nazo zina nafasi yake, elfu 25 za inchi. Haya ni ya dakika chache, siyarefushi.

Labda mtu ataniambia, "Mwalimu, wewe wasema kwa vitabu. Yupo fundi fulani, ana miaka arobaini katika kazi hii, naye hutengeneza kabureta kwa sikio tu, tena huondoka injini ikiimba." Nami namjua fundi wa namna hiyo, na namheshimu. Lakini mtazame mikono yake kabla ya kulitazama sikio. Alipofika alivuta waya wa plagi moja moja, akasikiliza ipi haibadilishi mlio. Alifungua kifuniko cha distributa, akazitazama pointi kwa jicho lililoona elfu 15 za inchi mara elfu. Aligusa hendeli, akaihisi mibano minne kwa kiganja. Hakutangaza kwamba anapima, kwa hiyo aliyesimama kando aliona bisibisi tu, akaenda kuwasimulia wenziwe habari za bisibisi. Vijana wengi wa jua kali wameurithi mwisho wa kazi ya mabingwa bila mwanzo wake. Kosa si lao peke yao. Ni la sisi tuliosimama mbele ya ubao na kufundisha shinikizo, joto na umeme miaka minne, tusimwonyeshe hata mmoja wao mahali mambo hayo matatu yanapokutana chini ya boneti.

Kuna jambo moja linaloigusa Kenya hasa, nalo kitabu cha motokaa kilichoandikwa kwa barabara za Uingereza hakilisisitizi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Limuru iko juu zaidi. Mombasa iko baharini. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Kabureta ya SU, ambayo ndiyo ya Morris Minor, ina pistoni ndogo ndani ya kuba lake, inayoinuliwa na mvuto wa injini. Chini yake imening'inia sindano nyembamba inayoingia katika jeti, na kadiri pistoni inavyopanda ndivyo sindano inavyoacha petroli zaidi ipite. Ni chombo cha werevu mwingi, lakini hakina mizani ya kuupima uzito wa hewa. Motokaa iliyotengenezwa Mombasa ikipanda Nairobi itapata petroli iliyozidi kidogo: itanuka, itakula petroli, haitakufa. Iliyotengenezwa Limuru ikishuka Mombasa ndiyo yenye hatari, kwa kuwa sasa hewa ni nzito, petroli ni pungufu, silinda zinajaa zaidi, na joto linazidi. Injini itaanza kugonga kama mtu atikisaye misumari ndani ya kopo, na valvu za moshi zitalipa gharama. Wengi wetu huogopa kupanda mlima na kufurahia kushuka. Mwenye kabureta na afanye kinyume.

Tena tahadhari: katika SU nati moja iliyo chini ya jeti hutawala mchanganyiko wa mwendo wote, kuanzia injini inapozubaa taratibu hadi inapokimbia. Kabureta nyingine zina skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa taratibu peke yake, hii haina. Kwa hiyo yule anayeigeuza nati ili injini itulie mbele ya gereji amebadilisha pia mchanganyiko utakaotumika kwenye mlima wa Mai Mahiu, mahali ambapo yeye hatakuwapo.

Je, zamu ya kabureta haifiki kamwe? Hufika. Mbano ukiwa sawa, valvu zikiwa na nafasi zake, cheche ikija kwa wakati, mafuta mepesi yakiwa yamejaa katika kuba, chujio la hewa likiwa halikuzibwa na vumbi letu jekundu, basi ipashe injini joto kamili, tena uwe nje, mahali pa wazi. Usifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa hata kwa dakika chache, maana moshi wa motokaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa bado anadhani ana usingizi. Kisha inua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja, kwa pini iliyowekwa kwa kazi hiyo. Injini ikiongeza mwendo na kuendelea nao, petroli imezidi. Ikidhoofu na kutaka kuzima, petroli imepungua. Ikiongeza mwendo kidogo tu na kurudi ilipokuwa, iache. Nati ina pande sita. Geuza upande mmoja, ungoje, pima tena. Ukijikuta umegeuza mzunguko mzima na bado haijatulia, rudisha nati ilipokuwa na uanze tena kwenye mbano, kwa kuwa kuna kitu umekiruka.

Najua pia watakaocheka na kusema kwamba haya ni mambo ya makumbusho. Motokaa za leo hazina kabureta wala pointi, zina kompyuta. Ni kweli, na mimi sikuombi ununue Morris Minor. Lakini fikiri kompyuta ile hufanya nini. Hupima hewa iingiayo, hupima joto la maji, hupima mahali mhimili ulipo, hupima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi, ndipo huamua kiasi cha petroli. Waliobuni mitambo hiyo hawakuupuuza utaratibu ninaoutetea. Waliufunga ndani ya kisanduku ili pasiwe na mtu wa kuuvunja kwa bisibisi. Na kisanduku hicho hakiwezi kuitibu valvu iliyoungua. Nimeona motokaa za miaka ya karibuni zikibadilishiwa kifaa kimoja cha umeme baada ya kingine, fedha nyingi zikipotea, hali hakuna aliyepima mbano wa silinda zake nne. Bisibisi imebadilika jina tu.

Ndiyo maana nataka injini moja ya namna hii iwekwe katika kila shule yetu iliyo na chumba cha sayansi, hata kama imetoka kwenye motokaa isiyo na magurudumu. Mwanafunzi aizungushe kwa mkono, aione valvu ya nane ikifunguka, aipime ya kwanza, aandike tarakimu. Aiharibu nafasi ya pointi kwa makusudi, auone wakati wa cheche ukisogea mbele ya macho yake, airudishe. Wasiwasi wa gharama nimeusikia kwa wakuu wa shule kadhaa. Vifaa nilivyovitaja katika kurasa hizi ni kipimo cha vibati, balbu na nyaya zake, spana chache na bisibisi moja; vyote huingia katika mfuko wa koti. Geji ya mbano peke yake ndiyo ya kuazima.